Kiwiko Kwenye Mkunjo

Mjukuu wangu Mirren amepewa kazi ya shule:
achambue kurasa mbili za jarida la muziki,
zinazotazamana, za makala moja.
Amezitandaza juu ya meza ya jikoni, hapa Dundee,
mvua inapiga bati la banda la baiskeli,
naye ana kalamu tatu: nyekundu, kijani, buluu.

Hajui kwamba kurasa hizi nilizipanga mimi.
Jina langu lipo, ubavuni mwa picha,
kwa herufi za ukubwa wa chawa.

"Kichwa cha habari," anaandika, "kimevuka kurasa zote mbili
kuonyesha ukubwa wa bendi."
Kimevuka kwa sababu marehemu Lamont, mhariri,
alileta maneno tisa akakataa kupunguza hata moja.

"Herufi ya kwanza imeshuka mistari mitano,
inamkaribisha msomaji."
Hapo sawa. Ule ni mlango.

"Nukuu imekuzwa katikati ya safu
maana ndiyo moyo wa mahojiano."
Moyo! Safu ilipungua mistari sita,
tukasaka sentensi ya kuziba pengo
kama mtu azibavyo dirisha bovu kwa gazeti.

"Peupe pa upande wa kulia panaashiria upweke wa mwimbaji."
Ninakunywa chai yangu.
Pale palikuwa na tangazo la viatu.
Alhamisi, saa nne usiku, wenye viatu wakapiga simu: wamejitoa.
Nikapaacha peupe. Asubuhi nikasifiwa.
Na bado, nikimtazama leo
kijana yule na gitaa lake mbele ya ukuta usio na kitu,
mpweke kweli.

Watunzi huugawa mshororo: huku ukwapi, huku utao,
katikati pumzi.
Kurasa nazo ni hivyo, ila pumzi yetu ina pini mbili za chuma,
na chochote ukiweka hapo kinamezwa.
Sheria ya kwanza niliyofundishwa:
usipitishe uso kwenye mkunjo.
Uso, walisema. Hawakutaja mtu.

"Babu, hiki kiwiko ni cha nani?"

Kalamu ya kijani imesimama hewani.

Walikuwa wanne. Picha ilikuwa pana, saa zilikuwa chache,
nikaisogeza kushoto, sentimita tatu,
ili mwimbaji apate peupe pake.
Siku jarida lilipotoka simu ikalia ofisini.
"Kurasa mbili," alisema, "nami nimepata kiwiko."
Hakutukana. Ningependa angetukana.

"Cha Una Geddes," namjibu. "Alipiga kinanda."
"Mbona maelezo ya picha hayamtaji?"
"Hayamtaji."
Mirren anataka kujua aandike wapi:
chini ya maana ya wazi, au ile iliyofichika?
Mwalimu ametoa visanduku viwili tu.

Sijui, namwambia. Anza na jina.
Analiandika pembezoni, nje ya visanduku vyote,
kisha anaubonyeza mkunjo kwa kidole gumba, kwa nguvu,
mpaka pini zinalia,
na mkono unaongezeka
kiasi cha punje ya mchele.