Kielelezo Namba Mbili

Mimi ndiye niliyekipokea, karani wa stoo,
mahakama ya Nagaur, chumba cha mwisho, bomba linavuja.
Kilemba kimoja, rangi ya zafarani, upande umechafuka.
Nikakipima kwa futi ya mshonaji, maana fomu inauliza:
mita nane na robo.
Fomu haiulizi kingine.

Daktari alikwisha andika: kichwani hakuna jeraha,
shingoni hakuna mkwaruzo,
anatembea, anajibu akiulizwa.
Kweli. Ugmaram alijibu yote.
Kwamba yeye ni fundi wa pampu za visima.
Kwamba Jaswant, mkandarasi, alimwalika arusini,
akamketisha mbele, akamsifu hadharani:
"Bila huyu, kijiji kizima kingekunywa vumbi."
Kilemba cha ukoka juu ya kilemba cha kitambaa.
Kwamba yeye, mjinga, aliamini,
akaomba ujira wake wa miezi minne.

Hapo mkono ukaja.
Haukupiga. Ulivua tu,
ukatupa kwenye karai la kuoshea sahani.

Watu mia tatu walikuwepo. Shahidi akaja mmoja,
naye akasema macho yake yalikuwa kwenye jalebi.

Wakili wa Jaswant alisimama na kitabu:
kifungu cha mia tatu hamsini na tano, mheshimiwa,
kinamwepusha aliyechokozwa vikali, kwa ghafla.
"Alichokozwaje?" akauliza hakimu,
Bi Sulochana, miwani puani.
"Alidaiwa, mheshimiwa. Mbele ya wakwe."
Hakimu aliandika muda mrefu kuliko jibu lenyewe.

Miaka sita. Tarehe inazaa tarehe.
Ugmaram alikuja kila mara kichwa wazi,
nywele zikageuka chumvi huku tukizitazama.
Hakununua kingine. Tulidhani ni ufukara.

Sasa niseme langu, ambalo faili halina.
Adhuhuri, joto likishika mabati,
nilikuwa nikilala mle stoo, juu ya benchi,
na mto wangu ulikuwa Kielelezo Namba Mbili.
Laini. Sikuwa na nia mbaya,
na sheria, wote tunajua, huanza kwa kutafuta nia.

Hukumu ikatoka: ana hatia.
Faini, na mwezi mmoja ambao rufani imeshaumeza.
Ugmaram akaja na risiti kuchukua mali yake.
Panya walikuwa wametoboa pindo.
Hakusema. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia:
kilemba cha kwao hakifungwi na mikono miwili,
lazima mtu ashike ncha ya pili, avute.
Ukumbini nilikuwapo mimi tu.

Nikashika.
Mita nane na robo kati yetu, zimekazwa,
naye akizungusha, akinijia mkunjo kwa mkunjo,
mpaka akafika karibu kiasi cha kunisoma uso.
Akasita. Akavuta pumzi kwa pua.

"Kina harufu ya mafuta ya nywele," alisema.

Nikaachia ncha.
Akaichomeka mwenyewe.