Kisanduku cha Nne

Fomu ina visanduku vitatu:
Ndiyo. Hapana. Hakuna mtu.
Kalamu imeganda; naipulizia
kama mtu anayebembeleza jiko la makaa mabichi.

Mji ni Erie, mwezi wa pili,
ziwa limefumba mdomo kwa barafu,
nasi wawili tunabisha hodi Mtaa wa Kumi na Nane:
mimi Nabintu, msaidizi wa wagonjwa, zamu ya usiku,
na mzee Casimir Dombrowski,
aliyekaza boliti za vichwa vya treni miaka thelathini na mmoja
hadi alipoambiwa asante, ufunguo wa kabati uache mezani.
Goti lake moja ni la chuma.
Ngazi anazihesabu kwa Kipolandi.

Hatuombi kura. Kura ni Novemba,
neno ambalo watu hapa hulitamka
kama jina la ndugu aliyelazwa.
Tunaomba saini, baraza la mji litamke:
mwenye nyumba asiyewasha joto asidai kodi.
Siasa yangu ni hiyo tu. Urefu wake ni wa bomba.

Mlango wa kwanza, mtoto: mama yuko kazini.
Wa pili, Delphine Tolliver anatia saini sijamaliza salamu,
anatuonyesha oveni iliyoachwa wazi tangu alfajiri,
ndilo jiko, ndilo jua la nyumba hiyo.
Wa tano, msichana anacheka:
mnadhani kuna anayeyasoma hayo makaratasi?
Wa saba, mbwa.
Wa tisa, mbwa mwingine, huyu mwenye hoja.

Wa kumi na moja una bendera kubwa kuliko dirisha,
bendera ya wale wanaotaka watu kama mimi turudi tulikotoka.
Nikasema, tuupite.
Casimir alikuwa ameshabonyeza kengele.

Mwanamume akafungua, makoti mawili mwilini,
pumzi yake ikatoka kwanza, maneno yakafuata:
nyinyi ndio mnaotaka vya bure.
Nikatazama ile pumzi ikielea sebuleni mwake.
Nikamwuliza, joto lilikatika lini?
Jumanne.
Jumanne ipi?
Akanyamaza. Akafunga mlango, polepole,
kama anayehofia kumwamsha mtu.

Sasa nitie alama wapi?

Kwetu Bukavu, binti akiulizwa kama ameolewa
hasemi hapana, husema bado.
Hata shangazi yangu Mwangaza, miaka sabini na miwili,
bila jino la mbele, husema bado,
na huitengeneza kanga yake akisema.
Umekula? Bado. Vita vimekwisha? Bado.
Neno lisilofunga mlango,
mguu uliowekwa kizingitini.
Nikachora kisanduku cha nne pembeni, kwa mkono,
kimepinda kidogo kwa sababu ya baridi.

Barazani kila msemaji alipewa dakika mbili.
Mimi nilizimaliza nikitafuta neno la Kiingereza la kuona haya
kumwogesha mtoto.
Saini mia mbili na kumi na mbili zikawekwa mezani,
mjumbe mmoja akaegesha kikombe juu yake.
Kura nne kwa tatu. Tatu ndizo zetu.

Nje, kwenye maegesho, hakuna aliyehutubia.
Casimir alipenga kamasi kwa muda mrefu kuliko kawaida.
Delphine akasema: Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, kwangu.
Njooni na viti, vyangu ni vinne tu.

Tulikuja kumi na tisa. Wengine walikaa kwenye ndoo.

Jumamosi nikarudi mlango wa kumi na moja, peke yangu,
goti la Casimir lilikuwa limegoma.
Bendera ipo. Kengele haikuitikiwa.
Ila theluji ilikuwa imekwanguliwa kwa beleshi
toka ngazini hadi barabarani,
na chumvi imenyunyizwa, mpaka pale nilipokuwa nimesimama.
Huenda ni kwa ajili ya mleta barua.
Huenda.

Nikavua glavu.
Nikatia alama kwenye kile kilichopinda.