Nguzo Mbili, Segerea

Zimeshuka kwenye Fuso saa tano asubuhi,
zimeviringishwa magunia kama maharusi wa chuma,
milioni sita na laki nne, usafiri kando,
na jirani yangu Ng'wandu keshachungulia ukutani:
"Kulikoni, fundi, unatujengea mnara wa simu?"

Simjibu. Nina hesabu kichwani.
Lifti inataka futi kumi na mbili, banda lina tisa na nusu.
Siku nne tumepandisha kenchi,
mvua ikitunyeshea sisi na misumari.
Sakafu nayo, nilipoigonga nyundo, ikaitika bu, bu, kama mtungi:
zege la inchi mbili,
zege la fundi aliyelipwa kabla ya kazi.
Tukavunja. Tukachimba hadi gotini.
Nondo, kokoto za Lugoba, saruji mifuko kumi na minane,
kisha siku ishirini na nane za kumwagilia,
asubuhi na jioni, kama mtu aliyepanda mchicha.

Tunu alipiga hesabu yake:
"Milioni sita. Na choo cha ndani hakina mlango."
Kweli hakina. Kina pazia la maua
tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Nikamwambia, mgongo, mke wangu. Mgongo.

Mgongo ni kweli.
Miaka thelathini na mmoja nimelala juu ya boksi
mchanga wa Gerezani umejaa kwenye kola,
oili inadondoka, nafumba jicho hili, nafanyia kazi lile.
Magari ya watu nayajua kwa matumbo.
Wenyewe nikikutana nao njiani siwatambui.

Ila Athanasi naye alilala hivyohivyo.
Jumanne. Jeki ya chupa, fupi,
tukaiwekea tofali chini ili ifike.
Nilikwenda kununua nati mbili.
Muuzaji hakuwa na chenji, nikasubiri chenji.
Niliporudi tofali lilikuwa limegawanyika
na miguu ile nje ya gari
ilikuwa imevaa kandambili zangu.

Hilo sikumwambia Tunu.

Basi. Mota ilikuja ya njia tatu, nyumba ina njia moja;
kijana Mbwilo akabadilisha mota, akala wali, akaondoka na laki tatu.
Tukatoboa zege jipya, bolti kumi,
kila moja nimeikaza mwenyewe, nikairudia,
usiku nikaamka nikaikaza tena.

Gari la kwanza, Korona ya Mwalimu Nyakato.
Mikono minne chini ya chesisi. Nikabonyeza.
Ikapanda, na komeo likihesabu ndani ya nguzo
ta,
ta,
ta,
mpaka matairi yakapita kichwa changu.
Nikaishusha kidogo, ikakaa juu ya makomeo.
Nikasimama pembeni.

Nikakunywa chai. Nikafuta spana ambazo zilikuwa safi.
Paka akapita chini yake. Kuku akapita.
Mwalimu akapiga simu, nikamwambia tunaendelea.

Magharibi umeme ukakatika mtaa mzima.
Nikaganda mlangoni, nikasikiliza.
Kimya. Korona hewani, imeshikwa na chuma tu,
haimdai Luku mtu yeyote.

Tunu akatoka na ufagio na tochi ya simu,
"Mmeniachia vumbi hili mpaka lini?"
Kabla sijafungua mdomo alikuwa chini yake,
wima, bila kuinama,
anafagia kama anafagia sebule.
Kisha akainua tochi, akakunja uso.
"Baba Sabra. Huu mpira huku umechanika."

"Upi?"

"Huu. Wa kulia. Grisi yote imemwagika."

"Wa ndani au wa nje?"

"Mimi nitajuaje? Njoo uone."

Nikaenda.