Robo Mzunguko

Mashine ni ya msumeno wa baba.
Miaka kumi na saba ilikula miti ya Buchosa,
ikala na masikio yake, polepole:
kwanza chiriku, halafu redio, halafu mama.
Nilipoiomba alisoma midomo yangu mara mbili.
"Ndege? Ya kumbeba nani?"
Haibebi mtu, baba.
"Basi ya nini?"
Sikuwa na jibu. Nikaifunga kwenye gunia, nikavuka nayo kivuko.

Mabawa nimeyatoa kwenye maboksi ya sangara,
yale meupe mepesi, yanayotupwa yakipasuka kona.
Nimeyakata kwa waya wa jiko la umeme
ulioiva mwekundu kama kaa,
na mpaka leo jua likipiga bati
chumba changu cha Mabatini kinanuka minofu.
Ncha hadi ncha, mita mbili na robo.
Mlango, sentimita sabini na tano.
Wiki nzima nilikaa na hesabu hiyo.
Ndiyo maana mabawa yanachomoka:
yanavaa bomba la pazia, huku na huku,
kama mikono inavyovaa shati.

Nyanzobe wa cherehani aliniazima pasi,
kisha hakuvumilia.
"Unaanzia pembeni? Nani alikufundisha?
Anza katikati, fukuza hewa."
Akaninyang'anya. Bawa la kushoto ni lake,
njano na buluu, limenyooka kama sare ya Jumatatu.
La kulia nilipiga mimi:
lina makunyanzi ya paji la mdaiwa.

Usiku nikaiinua kwa vidole viwili, kimoja kila bawa.
Ikalalia mkia.
Nikasogeza betri mbele. Ikalalia mkia.
Nikaomba risasi za nyavu kwa Malugu,
nikazifunga puani, mbili, nne, tano,
hadi ikatulia juu ya vidole vyangu
kama mtu aliyesikia akiitwa.
Kilo saba na gramu mia tisa.
Sikulala.

Luchelele, Jumapili, kabla upepo wa ziwa haujaamka.
Petroli vipimo arobaini, oili kimoja.
Nikaizungusha propela kwa mkono wenye glovu ya ngozi,
ikawaka, ikakohoa, ikazima.
Ikawaka. Ikakohoa.
Niligeuza skrubu hii, nikageuza ile,
na kila niliposikiliza nilisikia kosa jipya.
Malugu akatoa ushauri. Watoto wakatoa ushauri.

Baba aliweka kiganja ubavuni mwa ndege
akafumba macho.
Alikaa hivyo, mkono ukitikisika naye akitikisika,
kisha akainua kidole: kushoto, robo mzunguko.
Nikageuza.
Akatikisa kichwa. Kurudi, kidogo, unywele.
Na kikohozi kikaisha, sauti ikanyooka
ikawa uzi mmoja mrefu usio na fundo.
Mwenye masikio ni mimi. Aliyejua ni yeye.

Iliondoka kwenye nyasi ndani ya hatua ishirini.
Ikapiga duara, ikalala chali juu ya maji,
minandi wakahama mawe yao kwa hasira.
Ndipo nikaileta karibu, nikaivuta pua juu
nikaongeza moto taratibu
hadi ikaning'inia kwa propela yake,
wima, mkia mita mbili juu ya ardhi,
haipandi, haishuki, inatetemeka
kama mti uliokwisha kukatwa
ambao bado haujaambiwa.

Baba akarudi nyuma hatua tatu, kwa upande,
akatazama upepo, akatazama kilele:
miguu yake ilikuwa inapima itaangukia wapi.

Haikuanguka.

"Inalia?" akapaza sauti, ile ya wasiojisikia.
Inalia, baba.
"Inaliaje?"
Vidole gumba vyangu vyote viwili vilikuwa kwenye rimoti.
Nilimjibu kwa midomo, neno refu, zuri,
lakini yeye alikuwa anatazama juu.