Sketi Saba na Upindo

Mwezi wa pili, Juliaca, mvua ya mawe juu ya bati,
na mimi nashona marinda ya watoto wa watu.
Kijivu, kijivu tupu, tangu Krismasi ilipopita.
Hata kwenye supu ya viazi naona kijivu.

Sketi moja hunilipa soli kumi na mbili.
Kwa hiyo mimi sihesabu pesa.
Nahesabu sketi.

Danitza amerudi na orodha ya shule,
kurasa mbili, mbele na nyuma, herufi ndogo kama za dawa.
Daftari nane za mistari. Tatu za viboksi.
Penseli za rangi ishirini na nne, za kampuni ile, si nyingine.
Mkasi usio na ncha. Rimu mbili. Sabuni ya maji.
Karatasi za msalani, rola nne.

Hapo nikaweka sindano chini.
Darasani wapo thelathini na sita.
Rola mia moja arobaini na nne!
Mwalimu Herlinda, nakuheshimu,
lakini darasa la tatu linakula nini?

Viatu, ngozi nyeusi, themanini na tano.
Yaani sketi saba, na upindo wa ya nane.
"Hivi vitadumu, mama," akasema muuzaji,
akivikunja mbele yangu kama anayekunja chapati.
Najua vitadumu. Mguu ndio haudumu.
Nikachukua vinavyopwaya. Mbele nitasokota pamba,
mpaka mwezi wa nane mguu uvifikie.

Eleuterio ametuma mia mbili kutoka mgodini,
na sauti yake vipandevipande:
"Zime... zimetosha?"
Nikasema zimetosha.
Simu ikakatika kabla sijalazimika kurudia.

Mganga hajigangi.
Sketi ya Danitza mwenyewe ni ya mwaka juzi.
Nimefumua upindo, nimeishusha vidole vitatu,
na pale palipokuwa na mkunjo pamebaki mstari,
kijivu cha dukani, kijivu ambacho hakijawahi kuonja jua.
Nimeusugua kwa siki. Nimeupiga pasi mpaka nyumba ikanuka.
Upo. Unatangaza kwa kila mwenye macho
alikuwa na urefu gani alipoanza darasa la kwanza.

Usiku, daftari.
Nimetoa za mwaka jana chini ya kitanda:
kila moja iliishia katikati, kurasa safi zimelala
kama vitanda vya wageni ambao hawakuja.
Nimezichana polepole, nimezipanga, nimezipitisha kwenye cherehani.
Karatasi ina kilio chake, si kama kitambaa.
Imenivunjia sindano mbili (nazo nimeziandika kwenye matumizi).
Kisha nikajalidi: nyekundu ya lugha, buluu ya hesabu,
kijani ya sayansi, na nailoni juu
ili mvua ya njiani isijifunze kusoma kabla yake.

Danitza ameamka kunywa maji,
amesimama na blanketi mabegani.
Ameichukua ile ya buluu, ameinusa.
"Mwalimu alisema mpya. Hii ni mpya?"
"Uzi ni mpya," nikamwambia.
Akafikiri.
Akaniuliza kama anaweza kuandika jina mwenyewe.

Jumatatu, langoni, tumebanwa wazazi kwenye vyuma
kama tunaomtazama mtu anayesafiri mbali.
Wamepanga mistari uwanjani, baridi inauma masikio.
Nimehesabu sketi zangu: kumi na tisa,
marinda yamesimama wima kama askari.
Nikazigeuza soli, nikazigeuza viatu,
nikaacha, maana wimbo wa taifa ulikuwa umeanza.

Yake niliiona mwisho.
Nilitafuta ule mstari, sikuuona.
Nikasogea, nikakaza macho:
mtoto ameufuata wote, mbele hadi nyuma,
kwa penseli za rangi ishirini na nne,
zile za kampuni ile, si nyingine.