Kifungo

Bei aliyonionyesha Semhando ilikuwa nyepesi kama shifoni:
laptopu, laki tatu na arobaini, kutoka Dubai.
Nikaihesabu kwa magauni. Ishirini na matatu,
na sikukuu tusile.

Forodhani, kijana mmoja mpole
akanigeuzia karatasi:
"Mama, hatuishii kwenye bei.
Ni bei, na nauli, na bima;
vikishakaa pamoja
ndipo kodi inapanda juu yao."

Kodi ya nauli!
Yaani hata njia iliyopita nayo inalipiwa?
Nikataka kugomba. Kisha nikamkumbuka
Bi Tatu wa Chumbageni, aliyeniuliza
mbona gauni elfu kumi na tano,
nami nikamjibu bila kupepesa:
kitambaa, uzi,
na nauli ya kukifuata.

Nikaikunja karatasi, nikarudi Ngamiani.
Barabara ya Kumi na Mbili, kwa Kihiyo,
ilikuwapo moja, kodi yake kalipa mtu mwingine zamani;
nzito kama pasi ya mkaa,
pembe zimechubuka, kitufe cha N hakipo.
"Betri?"
"Saa moja na nusu. Nisikudanganye."
Tukaachana kwenye laki mbili na themanini.

Usiku binti yangu akaandika jina lake,
Mwanaisha Mhina,
likatoka na mapengo mawili.
Nikafungua kopo langu,
nikachambua hadi kifungo cheusi cha shati,
mashimo manne,
nikakibandika kwa gundi.

"Haya," nikamwambia, "bonyeza."