Mizani ya Watoto

Januari, Kokkola. Jua linachungulia saa nne asubuhi,
saa tisa limeshaaga.
Gari langu dogo, jekundu, la viti viwili,
limekaa gerejini juu ya vigogo vinne, halina miguu.
Oktoba, shimo la njia ya Kälviä liliipasua ringi ya mbele.
Niliusikia mlio. Miaka thelathini na moja ya ukunga
hukufunza mlio upi ni wa kupuuzwa
na upi ni wa kukimbiliwa.

Sasa kila mtu ana ringi yake mdomoni.
Voitto wa jirani: "Inchi kumi na saba, Raili! Zijaze matao!"
huku akipanua mikono kama anayepima kitambaa cha bure.
Mpwa wangu Jesse anataka nyeusi tii,
njiti nyembamba kama miguu ya buibui.
Dada yangu anauliza kama sina mapazia ya kununua.
Mchagua jembe si mkulima. Sawa.
Mimi silimi. Nachagua.

Nilikata maboksi ya piza kuwa miduara,
nikaipachika chini ya matao, nikarudi nyuma hadi ukutani.
Kumi na saba: gari likasimama kama mtoto
aliyevaa viatu vya baba yake.

Ndipo nikaishusha mizani kutoka darini,
ile ya zamani, yenye sinia jeupe lililobonyea,
niliyopewa wodini zilipokuja zenye tarakimu za kuwaka.
Ringi ya kiwandani: kilo saba kasoro.
Ya Voitto, ya kuazima: tisa na nusu, mshale ukahema.
Kisha moja ya zile nne za rangi ya shaba, inchi kumi na tano,
nilizomfuatia Armas huko Ylivieska,
kila moja imefungwa blanketi lake.
Kilo tano na gramu mia mbili.
Nikajikuta nimeitegemeza kwa kiganja, kana kwamba kuna shingo.
Mkubwa, nikasema. Ila nimepokea mkubwa kuliko wewe:
mwaka tisini na nne, kilo tano na mia nne,
mama yake akinitukana kwa Kiswidi.

Matundu manne ya nati, nafasi sawa. Haitagusa breki.
Tatizo ni kitovu.
Tundu la ringi, milimita sabini na tatu;
kitovu cha gari, hamsini na nne.
Katikati huwekwa pete.
Bila pete hiyo gurudumu hukaa lakini halitulii;
ukifika mwendo wa tisini usukani unaanza kukutetemekea mikononi
nawe unadhani ni barabara.
Nalijua hilo. Nilipokuwa na Pertti nilidhani ni barabara
kwa miaka kumi na miwili.
Pete tulikuwa nazo. Vipimo ndivyo hatukuchukua.

Armas aliniambia: kabla hujamaliza kulipa, zigonge.
Nikaning'iniza kila moja kwa kamba, nikaigonga kwa mwiko wa mbao.
Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia.
Ya tatu ililia muda mrefu, kwa hasira, kilio safi.
Ya nne: du.
Nikagonga tena. Du.

Kimya cha namna hiyo nakijua kwa magoti.
Sikupiga simu. Niliibeba hadi sauna,
nikaigeuza: nyuma ya njiti, barafu na tope
la banda la Armas, vimegandamana unene wa vidole viwili.
Maji ya uvuguvugu. Taulo.
Kidole kikapita ukingoni kutafuta ufa,
polepole, bila kuahidi kitu.
Nikaisimamisha. Nikainua mwiko.

Ikalia.

Nami, kwa mazoea tu, nikatazama saa ya ukutani,
nikaandika kiganjani:
kumi na moja na dakika nane, jioni.